Kwa wanangu mnaovaa beji nyeusi: barua ya wazi

Wanangu,

Nilianza kuitwa Mzee nikiwa na miaka 21. Beji kifuani ilisema hivyo kwa Kiingereza, na watoto wa Umlazi, kule Durban, walinifuata wakiniita cheo hicho huku wakicheka, maana sikuwa na hata ndevu. Leo mvi zimejaa na wanaoniita Mzee hawacheki tena. Ndiyo maana nimejipa ruhusa ya kuwaandikia, ninyi vijana na mabinti wa hapa Nairobi mliopata wito wa umisionari wa Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita la Wamormoni, na mnasubiri viza, na ninyi ambao tayari mko ugenini.

Ya ratiba mtaambiwa na wengine. Kuamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi, kujifunza peke yako, kujifunza na mwenzi wako, yaani mmisionari mliyepangwa pamoja, kutoka, kurudi, kupanga kesho, kuzima taa saa nne na nusu. Siku hizi wamelegeza kidogo, na baada ya wiki tatu mwili unazoea. Mimi nataka kuwaonya juu ya uongo. Si ule wa matapeli. Nasema uongo mdogo wa mtu anayetaka aonekane mmisionari hodari.

Mwaka 1998, kila Jumapili jioni, tulimpigia simu kiongozi wetu wa wilaya, mmisionari aliyesimamia wenzake wachache, kumpa hesabu ya wiki: masomo mangapi, wangapi wamekuja kwenye ibada ya sakramenti, Vitabu vya Mormoni, maandiko yetu pamoja na Biblia, vingapi vimegawiwa. Wiki moja mvua ilinyesha siku nne mfululizo na vile vilima vya Umlazi vikawa utelezi mtupu. Tulifundisha masomo 9. Nikasema 14. Mwenzi wangu, kijana wa Idaho aliyekulia zizini akikamua ng'ombe, alikuwa ameketi kitandani anapiga viatu rangi. Brashi ikasimama. Hakusema neno hadi nilipoweka simu chini.

"Nilikuwepo," akasema. "Yalikuwa tisa." Akachukua kiatu cha pili.

Sasa jueni kwamba mwenzi hakwepeki. Mnalala chumba kimoja, mnakula pamoja, mnapanda matatu moja, na kanuni inataka msiachane isipokuwa bafuni. Ukigombana na ndugu yako nyumbani unakwenda kwa shangazi wiki moja, moyo unapoa. Kule hakuna shangazi. Nilimnunia siku mbili nzima, tukawa tunapiga magoti kusali pamoja asubuhi na jioni bila kutazamana. Siku ya tatu nikapiga simu nikasahihisha. Kiongozi wa wilaya hata hakukumbuka hesabu yenyewe.

La pili ni zito zaidi. Mtaulizwa kuhusu 1978. Mimi niliulizwa na mzee mstaafu wa bandarini, ndani ya nyumba yake, akiwa ametukaribisha ugali wao ule unaovunjikavunjika, pamoja na maziwa ya mgando. Aliuliza kwa upole: kwa nini kanisa lenu liliwanyima watu weusi ukuhani miaka yote ile? Ilikuwa miaka minne tu tangu yeye mwenyewe, mtu mweusi, apige kura kwa mara ya kwanza, ubaguzi wa rangi ulipokwisha. Nikamjibu kwa maelezo niliyokuwa nimeyasikia kwa wakubwa, maneno ya laana na ukoo wa Kaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, haya umefundishwa, au umeyafikiria mwenyewe?" Maziwa yalinishinda kumeza.

Basi shikeni hivi. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, akiwa hai. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemfuata kuongoza Kanisa, akatangaza kwamba watu weusi wasipewe. Ikawa hivyo hadi Juni 1978, wakati Kimball akiwa Rais wa Kanisa. Mwaka 2013 Kanisa lenyewe lilitoa maandishi yanayokataa yale maelezo ya laana. Taja miaka hiyo, kubali kwamba ilitokea na kwamba iliumiza watu. Ukiulizwa sababu, sema hujui, kwa kuwa hujui. Ni kweli pia kwamba kule Ghana Joseph William Billy Johnson alihubiri kutoka Kitabu cha Mormoni na kukusanya waumini miaka mingi kabla mmisionari yeyote hajafika kuwabatiza. Isemeni hiyo nayo, lakini msiifanye kitambaa cha kufunikia ile ya kwanza.

Na ukiitwa Mormoni usibishane mlangoni. Rais Nelson, aliyeongoza Kanisa wakati huo, alituomba mwaka 2018 tutumie jina kamili la Kanisa, nasi tunajitahidi, ila mama aliyeacha sufuria motoni hana nafasi ya maneno kumi.

(Chai kataeni kwa adabu, maana imani yetu inaikataza, ombeni maji. Mkipelekwa Afrika Kusini, kile kinywaji chekundu cha rooibos si chai. Mimi nilikikataa miezi miwili kwa ushujaa mkubwa, hadi dada mmoja wa kata, yaani usharika wetu, akanionyesha kwamba askofu mwenyewe anakinywa.)

Watu wa nyumbani pia tunawadanganya. Sisi tulikuwa tunapiga simu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Ninyi tangu Februari 2019 mnaruhusiwa kila wiki. Krismasi ile mama yangu alishinda kwa jirani tangu asubuhi akisubiri. Jino lilikuwa limeniuma wiki tatu, nikilificha nikidhani ni dhabihu. "Sauti yako imekonda," akasema. Nikamwambia ni simu tu, mama. Siku mbili baadaye shavu lilikuwa kama embe, na mke wa rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wote wa eneo letu, akanipeleka kung'olewa, akinigombeza njia nzima kwa niaba ya mama.

Kuna maumivu yasiyovimba. Usingizi ukikukimbia, ukikuta unalia bila sababu, mwambie rais wako wa misheni mapema, na mwambie mama. Ikibidi urudi kabla ya muda, rudi. Katika kata moja niliyowahi kuishi, kijana alirudi baada ya miezi saba, mgonjwa, na watu wakaulizana amefanya nini. Nilikuwa miongoni mwa waliouliza. Nilikwenda kumwomba msamaha nimechelewa mwaka mzima, akanifungulia mlango lakini hakunikaribisha kuketi. Sikumlaumu.

Na ile Jumapili ya kwanza ya mwezi, mkiwa mmefunga, utasimama kutoa ushuhuda na utasikia kila aliyekutangulia akisema anajua kwamba Kanisa ni la kweli. Kama unajua, sema unajua. Kama unaamini, sema unaamini. Kama unatamani tu kuamini, Alma 32, katika Kitabu cha Mormoni, inakupokea hapohapo. Mara ya kwanza niliposimama nikasema "natumaini," yule mzee wa bandarini alikuwa benchi la nyuma, amekuja kwa mara ya kwanza.

Viatu: jozi mbili, soli ya kushonwa, si ya gundi. Jumapili hii baada ya sakramenti nitakuwa pale mlangoni. Njooni navyo nivikague kabla hamjafunga masanduku.