Mhariri, takwimu za polisi hazijaona vichwa ninavyosuka

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msusi, nina kibanda changu cha saluni hapa Nkuhungu, Dodoma, mwaka wa kumi na moja huu. Naomba nafasi kidogo gazetini, maana kila mkiandika kwamba kesi za ukatili wa majumbani zilizoripotiwa polisi zimepungua, wateja wangu wanaisoma kwenye simu alafu tunaangaliana tu kwenye kioo.

Kazi yangu inanionyesha kitu ambacho wengi hawakioni, ngozi ya kichwa. Ukishaanza kupasua njia unakuta kila kitu, jeraha la juzi bado lina kigaga, la zamani pameacha kuota nywele kabisa, uvimbe ukiugusa na chanuo mtu anaruka. Ukiuliza unaambiwa nilijigonga kabatini, yani kabati za Dodoma sijui zina nini. Siku hizi siulizi. Mtu akiniambia dada nisukie rasta ziangukie upande huu wa jicho nimeshaelewa, natafuta rangi inayomfaa tunaendelea na story nyingine.

Sasa kuna mteja wangu mmoja alipigwa na mguu wa kiti, na huyu alienda kituoni kweli, usiku, na kanga moja. Pale kaunta akaulizwa aliyekupiga ni mume wa ndoa? akasema ndio, akaambiwa basi mama rudi kalale kwa ndugu, asubuhi mkae muongee. Akagoma kutoka mpaka akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akaenda kushonwa nyuzi 4. Kufika asubuhi mama mkwe keshashuka na basi kutoka Bahi, mjumbe kaitwa, wazee wamekaa, mume anaomba msamaha huku analia, akatozwa mbuzi na yakaisha hapo. Mchana dada wa watu akarudi kituoni kusema nimemsamehe baba watoto, na mi simlaumu maana kodi ilikuwa imebaki wiki mbili, na kufuatilia kesi ni nauli kila siku na biashara yake ya vitumbua imefungwa. Mbuzi mwenyewe waliomla ni hao hao wazee.

Naomba mtu anionyeshe tukio hilo liko kwenye namba gani. Na hata lingebaki kwenye jalada lingeandikwa shambulio la kudhuru mwili, mstari mmoja na walevi waliopasuana chupa kilabuni, kwasababu Tanzania Bara hatuna kosa kwenye sheria linaloitwa ukatili wa majumbani. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, vizuri sana, ila hakikusema akichapa atapewa adhabu gani. Kwahiyo mtu akijumlisha majalada ya mwaka mzima bila kuangalia nani ni nani kwa nani, yule mume anapotea humo ndani. Alafu jalada ni tukio la usiku mmoja. Huyu dada alikuwa anapigwa tangu mtoto wa kwanza na sasa ana watatu.

Na wapo wengi hawafiki hata kaunta. Wanajua hospitali ukisema umepigwa unaulizwa PF3, na PF3 iko polisi, basi wanaenda duka la dawa wananunua dawa ya maumivu na spiriti, wanasema wameteleza bafuni.

Kinachoniuma zaidi ni ile kupanda na kushuka. Tuseme kituo fulani cha polisi hakina Dawati la Jinsia na Watoto, yani sehemu ya kupokea kesi za ukatili kama hizi, kinaonekana kimetulia kama kisima. Likifunguliwa dawati, akakaa pale askari mwanamke anayesikiliza mtu mpaka mwisho bila kumcheka, kinamama wakaambizana, mwaka unaofuata namba inaruka juu. Gazeti linaandika ukatili waongezeka! Wakati kilichoongezeka ni watu wenye imani na kituo. Na kinyume chake, ukimhamisha yule askari akaja mwingine anayefukuza watu na mambo yao ya chumbani, namba inashuka na watu wanapongezana.

Mdogo wangu amewahi kufanya udodosaji, yeye ndio alinifungua macho. Kwenye ule utafiti wa afya ya uzazi na mtoto hawasubiri uende kwao, wanakufuata nyumbani, anachaguliwa mwanamke mmoja tu kwenye kaya, anaulizwa faragha, na mume akitokea mlangoni maswali hayo yanakatishwa pale pale. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wameshapigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15, na ule wa 2022 ukakuta 27. Imeshuka, na mi nafurahi, japo najua kuna mtu hata akiulizwa faragha atasema kabati. Lakini hata hiyo 27 ni zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Saluni yangu ina viti vinne.

Wanaume nao wanapigwa, wawili nawajua hapa mtaani kwetu, lakini mwanaume wa Dodoma aende kaunta kusema mke kanipiga? Hiyo hata jalada halifunguki, kituo kizima kitacheka.

Sisemi polisi waache kuhesabu. Naomba nyie waandishi mkipewa hizo namba msiishie kuuliza zimepanda au zimeshuka. Ulizeni wangapi walifika, wangapi walifungua jalada, wangapi walirudi kufuta na baada ya siku ngapi, wilaya ina madawati mangapi na je yana watu usiku, maana watu wanapigwa usiku. Na aliyepiga aandikwe ni nani kwa aliyepigwa, ni neno moja tu, mume, mke, hawara, baba, halimalizi wino.

Yule dada bado mteja wangu. Jumamosi alikuja, kasema anataka twende kilioni safari hii, nywele zote nyuma. Nikapasua njia taratibu, hakukuwa na kidonda kipya, nikasuka.

Msusi,
Nkuhungu, Dodoma