Mheshimiwa Waziri, vijana wetu wameshika tepu wanaangalia droni

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbale, Uganda, mimi ni msimamizi wa saiti, chuo cha ufundi nilipita na siku hizi naletewa wanafunzi wa diploma waje kujifunza kazi. Naomba wafundishwe kupima ardhi kwa picha za droni na setilaiti.

Majuzi tuligombana kwa ajili ya lundo la murramu, ule udongo wa changarawe. Mwenye tipa anasema kaleta tripu hamsini, karani wangu kaandika arobaini na mbili, kelele mpaka jioni. Wanafunzi wangu watatu wakapanda lundo na tepu na leveli, kile chombo cha kupimia usawa cha miguu mitatu, kutwa nzima, kila mmoja akashuka na jibu lake. Kesho yake mshauri wa mradi akaja na kijana wa droni, akapanga alama nane chini, akarusha dakika ishirini hivi, picha zikaingia kwa laptopu na usiku uleule ujazo tukaupata. Aliyekosea ni karani wangu, nikalipa. Ila kilichoniuma ni wale watatu, tepu mkononi, shingo juu kama wanaangalia ndege ya rais, na mimi mwenyewe sikuwa na la kuwaeleza maana hata sisi hatukufundishwa.

Sasa usiniambie pesa ya kuwafundisha hakuna. Picha za setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya ni bure, zinapita kila siku tano, kila kidoti ni mita 10 ardhini. Landsat za Marekani zinapiga tangu 1972, nazo bure toka 2008, na programu ya QGIS ya kuzisomea hailipiwi. Mwanafunzi akikaa nazo ataona mto ulihamaje kabla hujamwaga zege la kalavati, au huku kwetu mlima Elgon mteremko upi umebaki bila miti, na sisi wa huku maporomoko ya Bududa ya 2010 hatujayasahau.

Lakini wasidanganywe pia, mita 10 haikuonyeshi ufa wa ukuta, na droni bila alama zilizopimwa vizuri chini inakupa uongo wenye rangi nzuri. Kwa hiyo leveli msiitoe, ongezeni hili juu yake.

Tunachoomba: kupima kwa picha za droni na setilaiti liwe somo la lazima kwenye diploma ya ujenzi, chumba cha kompyuta chenye intaneti isiyokata, walimu wapelekwe kusoma kwanza, na vyuo visaidiwe kupata kibali cha droni.

Wanafunzi wengine naletewa mwezi ujao. Tuma hata mwalimu mmoja aje nao, lundo lingine lipo, chai juu yangu.