Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa chipsi nyeusi

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atawasomea mhazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia zaidi mzigo wa viazi wa Julai tulioununulia vibanda vyetu vya chipsi, kwa sababu mpaka leo kuna watu humu ndani hawasalimiani kwa ajili yake.

Bei ilishuka Njombe, tukachanga, tukanunua viazi kwa pamoja. Kwa kuhofia visichipue, tukakodi chumba cha baridi kilichokuwa kikihifadhi samaki. Wazo lilikuwa langu. Baada ya wiki tano tukaanza kuvitoa: vigumu, vimenyooka ngozi, havina hata chipukizi moja. Tulishangilia. Kesho yake simu zikaanza kuingia kutoka kwa wanachama wa Nyegezi, Mabatini, Igoma, hapa hapa Mwanza. Chipsi zinaingia kwenye karai zikiwa nyeupe, mara kingo zimeshakuwa za kahawia na katikati bado mbichi. Mteja akiona hivyo anajua umekaangia mafuta machafu. Dada yetu wa Igoma alimwaga mafuta mapya mara mbili siku hiyo, na bado wateja wakamkimbia.

Tukamgeukia aliyetuletea mzigo. Tukasema kachanganya viazi vya zamani, tukamzuilia malipo yake ya mwisho. Natamka mbele yenu: hakuwa na kosa lolote. Ameshalipwa, na nimekwenda mwenyewe kumwomba radhi kwa niaba ya chama.

Kosa lilikuwa baridi. Kiazi kikishang'olewa hakijafa, kinapumua, na akiba yake ni wanga. Ukikiweka mahali penye baridi kali, chini ya nyuzi joto 8 hivi, ule wanga unaanza kuvunjwa kuwa sukari iitwayo sukrosi, kisha kimeng'enya, yaani kichocheo cha ndani ya kiazi, kinachoitwa invatesi kinaikata sukrosi kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Kupumua nako kumepungua, kwa hiyo sukari hailiwi, inarundikana. Chumba chetu kilikuwa nyuzi 4. Kwa mimea mingi kujaza sukari hivi ni kinga: maji ya ndani ya seli yakiwa na sukari hayagandi upesi, na utando laini wa seli hauharibiki kirahisi. Kabichi iliyopigwa na baridi huwa tamu kwa sababu hiyo hiyo. Hata kiazi kilichokomaa kwenye udongo wa baridi kinaweza kufika kwetu na sukari nyingi kabla ya jokofu lolote.

Sasa glukosi na fruktosi zikikutana na asidi amino za kiazi, zile zinazojenga protini, ndani ya mafuta ya moto, rangi ndipo inapotoka. Mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alilieleza jambo hili mwaka 1912. Ndilo linaloupa mkate ganda lake na nyama choma harufu yake. Sukari ikiwa kidogo, chipsi inakuwa ya dhahabu. Ikizidi, ni nyeusi na chungu. Na si sura tu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hutoa akrilamaidi, kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Kiazi chenye sukari nyingi kinaitoa kwa wingi zaidi. Watoto wa shule wanakula kwetu kila siku, kwa hiyo nawasihi: chipsi nyeusi usimuuzie mtu.

Niliacha gunia moja la mzigo ule chini ya meza stoo, kwenye joto letu la kawaida, kwa wiki tatu. Kisha nikachukua viazi viwili vya gunia lile na viwili vilivyotoka kwenye baridi asubuhi hiyo, nikavikata saizi moja, nikavikaanga karai moja. Vya baridi viligeuka rangi ya kahawa. Vya chini ya meza vilitoka njano, vikabaki na doa kwenye ncha. Sukari ilikuwa imepungua, haikuisha.

Kwa hiyo kamati imeamua: viazi vya chipsi haviingii tena chumba cha baridi wala friji ya kibandani. Tutanunua mzigo mdogo mara kwa mara, tuuweke stoo yenye giza na hewa. Mwenye wasiwasi na viazi vyake, aviloweke kwenye maji ya moto kiasi baada ya kuvikata, sukari fulani itatoka. Avikaushe vizuri kabla ya mafuta.

Kina mama wa viazi vitamu, ninyi msijaribu kabisa. Kiazi kitamu kikikaa chini ya nyuzi 13 kinaumia, na kiini kinabaki kigumu hata uchemshe mpaka jioni. Bibi zetu wa Usukumani walihifadhi michembe na matobolwa kwa jua tu.

Kuanzia sasa hakuna gunia linaloshushwa kwenye lori kabla hatujakaanga viazi vitatu vya magunia tofauti, mwenye mzigo akiwa amesimama hapo hapo anaona. Karai la chama liko stoo, na mtungi wa gesi umeshajazwa.