Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mchezaji Kipenzi na Kiti cha Meneja

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka 2025. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina, na ratiba mpya ya vikao mlishatumiwa, kwa hiyo sitayarudia hayo. Nafasi iliyobaki naitumia kwa hoja iliyotawala vikao vyetu tangu Julai: kila kiti cha meneja (kocha mkuu) wa timu yetu ya besiboli, Chicago Cubs, kinapokuwa wazi, na mchezaji wa zamani tunayempenda anapotajwa, je, chama chetu cha mashabiki kidai apewe yeye?

Hoja iliamka upya Ryne Sandberg, nyota wetu wa zamani, alipofariki tarehe 28 Julai. Wengi wenu mlisema klabu ilimkosea mwaka 2010 ilipomnyima umeneja, na kwamba chama kilipaswa kusema. Kamati imepitia rekodi yote. Msimamo tunaouleta kwenu ni kwamba tudai mchezaji kipenzi asailiwe kwa haki kama wengine, lakini tusidai apewe kiti kwa sababu ya mapenzi yetu. Kesi ya Sandberg mwenyewe, ambayo kwa kawaida tunaisimulia nusu, inaonyesha kwa nini.

Nusu tunayoipenda ni ya kweli. Mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1984, mshindi mara tisa wa Glovu ya Dhahabu (tuzo ya mlinzi bora) kwenye besi ya pili, aliyeingia Ukumbi wa Heshima wa besiboli huko Cooperstown mwaka 2005, hakungoja ligi kuu imwite. Mwaka 2007 alianza umeneja Peoria, timu ya Cubs katika ngazi za chini, ambako timu husafiri kwa basi. Akakaa huko misimu miwili, akapanda hadi Tennessee mwaka 2009, kisha Iowa mwaka 2010, hatua moja tu chini ya ligi kuu, na huko akachaguliwa meneja bora wa ligi. Agosti hiyohiyo Lou Piniella, meneja wa Cubs, akastaafu. Timu akakabidhiwa Mike Quade, kocha wa besi ya tatu, akashinda michezo 24 na kupoteza 13, na Oktoba akapewa mkataba. Msimu wa 2011 Quade alishinda 71 na kupoteza 91, akaondolewa. Theo Epstein alipokuja kuongoza klabu aliweka sharti kwamba meneja mpya awe ameshafanya kazi ya ukocha au umeneja katika ligi kuu. Sharti hilo lilimfungia Sandberg mlango kwa mara ya pili.

Kamati inaona kwamba sharti lile liliuma lakini lilikuwa na msingi. Katika ligi za chini meneja analea vijana. Mrushaji gani (anayemrushia mpigaji mpira) aanze, arushe mipira mingapi, apumzike siku ngapi, mara nyingi huamuliwa na ofisi ya klabu mama, na meneja hutekeleza. Mtu anaweza kufanya kazi hiyo vizuri kwa miaka minne bila kuwa amezoea uamuzi mgumu kuliko yote katika ligi kuu, ule wa kuwatumia warushaji wa akiba.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo mameneja wengi wapya huanguka. Orodha ya timu ina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Ukiondoa watano wanaoanza mechi kwa zamu, wa akiba wanabaki wanane, kwa mechi 162 zinazochezwa karibu kila siku. Swali la kila jioni ni mkono wa nani bado una nguvu leo, na ukiutumia leo, kesho utabaki na nani. Mrushaji huamshwa akapasha mkono, akarusha mara kumi na tano au ishirini, akaambiwa akae. Nusu saa baadaye anaamshwa tena. Kwa kuwa hakuingia uwanjani, karatasi ya takwimu inaonyesha amepumzika, lakini mkono wake umechoka. Meneja mwenye hofu humwamsha mtu kila mpinzani anapofika besi ya kwanza, halafu Agosti mipira ya timu nzima inapoteza kasi na hakuna anayejua kwa nini.

Kanuni nazo zimebana. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize iningi (mojawapo ya vipindi tisa vya mchezo), isipokuwa ameumia au ni mgonjwa. Kwa hiyo meneja hapangi kwa mpigaji mmoja tena. Anapanga kwa watatu wanaofuata, pamoja na wale ambao mpinzani anaweza kuwaleta kutoka benchi. Anajua pia kwamba wapigaji wanaokutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mechi moja humpiga vizuri zaidi. Mara nyingi, basi, anamtoa mtu ambaye bado anaonekana yuko sawa, na uwanja mzima unazomea. Hapa mchezaji kipenzi ana faida ya kweli, kwa sababu mashabiki humvumilia kuliko mgeni. Ana hatari yake vilevile. Aliyekuwa nyota anakumbuka alivyochukia kutolewa, akamwacha mrushaji kwa wapigaji wawili zaidi, na kumbe mechi imepotea palepale.

Mambo madogo ya kanuni huangusha hata watu wenye akili. Tarehe 20 Julai 2010, Don Mattingly, kipenzi cha New York Yankees kwa miaka yake yote ya kucheza, alikuwa kocha wa upigaji wa Los Angeles Dodgers. Meneja Joe Torre na msaidizi wake walikuwa wametolewa na waamuzi, timu ikabaki mikononi mwake. Iningi ya tisa, Dodgers wakiongoza San Francisco Giants 5 kwa 4 na besi zote zimejaa, alikwenda kilimani, anaposimama mrushaji, kuzungumza na mrushaji wake Jonathan Broxton. Akashuka, kisha akageuka na kurudi hatua chache kusema neno moja zaidi. Kwa kanuni, ukishatoka kwenye duara la futi 18 ziara imekwisha. Ukirudi, hiyo ni ya pili, na mrushaji lazima atoke. Bruce Bochy, meneja wa Giants, aliliona na kuwaambia waamuzi. Broxton akatoka, George Sherrill akaingia, Andres Torres akapiga mpira ulioingiza wawili, na Giants wakashinda 7 kwa 5.

Mattingly alijifunza. Baadaye aliongoza Dodgers kwa misimu mitano na kutwaa ubingwa wa kundi mara tatu mfululizo, na mwaka 2020, akiwa Miami, alikuwa meneja bora wa ligi yake. Lakini alianza umeneja akiwa ameshakaa kwenye benchi za ligi kuu kwa miaka kadhaa pembeni ya Torre. Mwaka 2007 Yankees walimpita wakamchukua Joe Girardi, mashabiki wakalalamika, na miaka miwili baadaye Girardi akaleta ubingwa wa World Series.

Turudi kwa Sandberg. Agosti 2013 Philadelphia walimpa timu baada ya kumwondoa meneja wao Charlie Manuel. Timu ilikuwa imezeeka. Chase Utley, Ryan Howard na Jimmy Rollins walikuwa mashujaa wa ubingwa wa 2008, na miili yao haikuwa ile. Mwaka 2014 ilishinda 73 na kupoteza 89. Tarehe 16 Juni 2015 ilifungwa 19 kwa 3 na Baltimore, na mlinzi wa eneo la nje la uwanja, Jeff Francoeur, ambaye si mrushaji, akalazimika kurusha kwa zaidi ya iningi moja huku simu ya eneo la warushaji wa akiba ikiwa haikurudishwa mahali pake, kwa hiyo benchi halikuweza kumwamsha mtu. Utley alimgombeza kocha wa warushaji hadharani. Siku kumi baadaye Sandberg alijiuzulu, na rekodi yake yote ikabaki ushindi 119 dhidi ya vipigo 159. Kamati haisemi alikuwa meneja mbaya. Alipewa kikosi ambacho kingemshinda karibu yeyote, na huenda Chicago ya 2011 ingemtenda hivyohivyo, mbele yetu, na sisi tungelazimika kumzomea.

Hilo la kumzomea tulilionja kwa David Ross. Aliupiga mpira nje ya uzio katika mechi ya saba ya fainali ya 2016, tukampenda, na mwishoni mwa 2019 klabu ikampa timu bila kuwahi kuwa meneja popote. Msimu mfupi wa 2020 alishinda kundi. Mwaka 2021 klabu iliwauza Anthony Rizzo, Kris Bryant na Javier Báez katikati ya msimu, akabaki na mifupa. Mwaka 2023 alishinda 83, akakosa mchujo kwa mchezo mmoja, na Novemba akaondolewa. Wanachama wachache walihama chama mwaka ule, na kamati inawaelewa.

Aliyechukua nafasi yake, Craig Counsell, ndiye mfano bora zaidi wa mchezaji kipenzi aliyefaulu, ingawa alifaulu kwa jirani zetu. Kijana wa Milwaukee, alichezea Brewers, timu ya huko, akafanya kazi ofisini kwao kwa miaka kadhaa akijifunza jinsi kikosi kinavyojengwa, ndipo akapewa timu mwaka 2015. Aliiongoza hadi 2023 na kutwaa kundi mara tatu. Hakuwahi kuwa meneja wa ligi za chini, kwa hiyo hata njia ya basi si sharti. Sharti ni kwamba mtu awe ameshaona maamuzi ya ligi kuu kutoka ndani. Msimu huu Counsell ameipa Cubs ushindi 92.

Oktoba hii Los Angeles Angels walizungumza na Albert Pujols, nyota wao wa zamani, ambaye majira ya baridi yaliyopita aliipa Leones del Escogido ubingwa wa Jamhuri ya Dominika. Walimchagua Kurt Suzuki, mdakaji wao wa zamani aliyekuwa akifanya kazi ofisini kwao, tena kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kamati inaona mwaka mmoja haumtoshi meneja mgeni, kipenzi au asiye kipenzi.

Azimio tunaloleta ni barua kwa klabu, itakayotumwa kila kiti kinapokuwa wazi. Itauliza mgombea amekaa misimu mingapi katika benchi au ofisi ya ligi kuu, na kocha wa warushaji na msaidizi mkuu watakaokaa pembeni yake ni akina nani. Itauliza pia mkataba ni wa miaka mingapi na klabu inakusudia kukifanya nini kikosi Julai, mwezi wa kuuzana wachezaji. Jina la mgombea halitatajwa. Wajumbe wawili wa kamati walipinga kipengele hicho cha mwisho, wakitaka turuhusiwe kutaja jina pale anayewania anatimiza hayo yote. Maoni yao yameambatanishwa, na kura zitapigwa kipengele kwa kipengele.