Kikao cha huduma za watoto: siku imebadilika

Assalaam alaykum wazazi wenzangu wa Wete.

Kikao si Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 10:30 jioni, tukishaswali Alaasiri, kwa sheha. Baraza la mji linapanga upya huduma za watoto wa chini ya miaka 5 na linataka maoni yetu kwa maandishi.

1. Njooni na kadi za kliniki.
2. Sh. 1,000 kila mmoja, ya kutoa kopi, kabla ya Alhamisi.

Mimi nitalishikilia hili: mizani na chanjo ziwe siku moja. Juzi nimemuona mama na mapacha, mmoja mgongoni mmoja kifuani, wamepimwa uzito, chanjo kaambiwa arudi wiki ijayo. Nauli hana.

Anayekuja aandike NAKUJA na idadi ya watoto, tujue mikeka mingapi. Mwisho kesho usiku, inshaallah.