Mama Hadija, usilipie Mahale kwanza

Mwanga, Kigoma

Mama Hadija mpenzi,

Salamu kutoka ziwani. Hatujambo, mvua zimeanza, Baba Rehema na dagaa wake kama unavyomjua. Ujumbe wako wa jana, kwamba Desemba wewe, Hadija, Sudi na Bibi mnataka kwenda hifadhi ya Mahale kuwaona sokwe, umeninyima usingizi: usiilipie ile safari kwanza!

Mwezi Agosti nilikwenda Gombe, hifadhi nyingine ya sokwe huku kwetu, na wageni wa kazini. Mlima unaanzia palepale kwenye kokoto za ufukwe, hupati hata tambarare ya kuzoesha miguu. Tulipanda masaa mawili na nusu ndipo tukawasikia sokwe ng'ambo ya bonde. Mwongozaji akaacha njia, nasi nyuma yake tukishika mizizi. Kupanda si neno, dada. Kushuka! Magoti yalitetemeka hata niliposimama, mwenzetu mmoja akashuka kwa makalio. Na hicho kilikuwa kiangazi. Desemba udongo ule ni utelezi mtupu. Nikamfikiria Bibi na goti lake.

Gombe ni kilomita 16 tu kutoka mjini, unaenda asubuhi na jioni uko kwako. Mahale ni zaidi ya kilomita 100 kusini, na ndani hakuna barabara. Goti likivimba siku ya kwanza, mnafanyaje?

Halafu Sudi. Mtoto wa miaka 7 haruhusiwi kufuata sokwe, si Gombe si Mahale. Huyo wakala anayekuuzia "safari ya familia" alikwambia hilo? Hata Hadija akiamka na mafua atazuiwa, maana mafua yetu huwaua wale wanyama. Na mkishawafikia, mnakaa nao saa moja tu.

Nionavyo mimi, wewe na Hadija nendeni Gombe. Bibi na Sudi niachie. Nitawapeleka Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Pana miembe na kivuli, hapana mlima. Bibi anayetusimulia kila siku wapagazi wa Kinyamwezi ataona walikotua mizigo yao baada ya kutembea kutoka huko kwenu Unyamwezini. Hilo natamani kuliona kwa macho yangu.

Goti lenyewe linaendeleaje? Akipanda ngazi za kanisani anashikwa mkono? Hadija ana viatu vyenye meno? Mama Shija amejifungua? Na treni mnapanda siku gani, nije kuwapokea stesheni?

Wako,
Mama Rehema