Mwanangu, usinunue kichwa cheusi

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana. Sisi huku Huruma tu wazima, ila mamako anasema ukija umrudishie ile sufuria yake kubwa. Amesema nisisahau kuiandika, na nimeiandika.

Ile picha uliyonitumia jana nimeitazama mpaka simu ikazima. Umeuliza kama kondoo huyo ni wa ile aina ya Dorper halisi na kama utume arubuni. Ningekupigia, lakini mambo ya kondoo nikikueleza kwa simu utasema "ndiyo baba, ndiyo baba", kisha ufanye ulilokwisha kuamua. Basi soma, mama.

Usitume hata thumni. Huyo si Dorper.

Kilichokudanganya nakijua: mwili mweupe, kichwa cheusi. Hapa mjini mtu akiona kichwa cheusi anasema Dorper, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini Dorper alikitoa wapi hicho kichwa? Huko Afrika Kusini, miaka ya 1930, walimpandisha kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo wa Kisomali, ambaye wao walimpachika jina la Persian, sijui Uajemi iliingiaje hapo. Dor na Per, jina likapatikana. Basi kichwa cheusi ni urithi wa mzazi mmoja, na mzazi mwenyewe yupo hai hadi leo. Analetwa na malori kutoka Moyale na Marsabit, anashushwa kwenye machinjio ya Kiamaiko mbele ya macho yangu karibu kila siku.

Ukitaka kuwatenganisha, mgeuze umwone nyuma. Msomali ana mafuta matakoni yaliyofura kama mto wa kulalia, na kimkia kimechomoza hapo katikati. Dorper hana mzigo huo. Mkia wake ni mwembamba, mara nyingi umekatwa, na mapaja yamejaa nyama mpaka chini. Kisha mpitishe mkono mgongoni. Msomali ana nywele fupi laini, utadhani unashika mbuzi. Dorper nywele zake zimechanganyika na sufu kidogo, nayo humtoka yenyewe kwa mafungu, hata mtu asiyemjua akadhani ana upele. Wako pia Dorper weupe kuanzia puani hadi mkiani, kwa hiyo rangi iache kabisa.

Sasa itazame tena picha yako. Imepigwa kutoka mbele. Unadhani muuzaji alisahau kuzunguka?

Simtukani Msomali. Ukame anauvumilia, na nyama yake ndiyo iliyokulipia karo. Ubaya ni kulipa bei ya Dorper ukapewa yeye.

Lakini hata kama angekuwa Dorper wa kweli, ningekuuliza: unampeleka wapi? Shamba ulilokodi liko Ngong, na mvua ikinyesha nyasi za bondeni hubaki na majimaji wiki nzima. Ulikuwa darasa la tatu niliponunua Dorper wanane, wanapendeza, nikawaweka kwa rafiki yangu upande huohuo. Mvua za masika zikaingia. Wakaanza kudhoofu, mmoja akavimba chini ya taya kama amefungwa kifuko cha maji. Nikadhani ni jino. Walikufa watano kabla daktari wa mifugo hajafika, naye alipofika alifunua kope ya mmoja akanionyesha: ndani peupe kama karatasi. Minyoo ya tumboni, waliyoiokota kwenye nyasi hizo za majimaji, ilikuwa imemnyonya damu. Siku hizi kondoo yeyote nikimshika naanzia machoni. Kope nyekundu, tunaendelea kuzungumza. Kope nyeupe, kwaheri.

Aliyenishangaza ni mwekundu mmoja niliyekuwa nimemweka humo akingoja Krismasi. Hakuyumba. Huyo ni kondoo wa Kimaasai, yule unayemwita wa kishamba. Wataalamu walimlinganisha na Dorper kule Diani miaka ya 1990, penye unyevu na minyoo tele, na mwekundu ndiye aliyestahimili zaidi na kuleta faida. Kwenye nchi kavu pengo hilo hupungua sana. Kwa hiyo sisemi Dorper hafai. Nasema Ngong si nyanda kavu za Kapiti.

Ushauri wangu: nunua majike wekundu, kisha tafuta dume mmoja wa Dorper. Watoto watakua haraka, na mama zao hawatakufa kila mvua ikinyesha. Ila wekundu halisi wamekuwa adimu, maana tangu miaka ya 1970 watu wamewapandisha na Dorper bila mpango. Mtazame mkia: wa kwake ni mnene, umejaa mafuta. Ukiona kondoo mwekundu mwenye mkia mwembamba, au mwenye mabaka meupe na sufu mgongoni, huyo ni chotara. Mnunue kama chotara, kwa bei ya chotara.

Hao wa sufu, Merino na Corriedale na Hampshire wenye uso mweusi, waache wakae Nyandarua na Molo kwenye baridi yao. Utawaona Jamhuri Park wakati wa maonyesho ya kilimo, wamechanwa kama maharusi.

Na umri usiulize, fungua mdomo. Meno ya mbele yako chini tu, usishtuke ukikuta juu hamna kitu. Makubwa mawili ni kama mwaka na nusu, manne ni kama miwili. Yakiwa manane amekwisha kukomaa, na yakiwa na mapengo usihesabu tena.

Jumamosi twende pamoja soko la Kiserian. Nitakungoja stendi saa kumi na mbili asubuhi. Vaa viatu vya matope, pesa niachie mimi, na tukifika ukaniona nimemdharau kondoo, usiseme "lakini baba ni mzuri" mbele ya muuzaji.

Babako